Peperomia: Mmea Unaouawa na Huruma

Wengi wetu hudhani kwamba mmea wa nyumbani ukilegea, dawa yake ni maji. Kwa peperomia, dhana hiyo ndiyo iuayo. Mmea huu mdogo ni wa ukoo mmoja na mtambuu na pilipili manga. Jamii zake nyingi asili yake ni misitu ya Amerika, ambako baadhi huota juu ya matawi ya miti. Mizizi yake ni midogo. Akiba ya maji huiweka katika majani manene.

Kwa hiyo wafaa nyumba za mwambao wa Kismayo na visiwa vya Wabajuni, kama Koyama, ambako ndoo ya maji matamu si kitu cha kuchezea. Katika kisiwa cha matumbawe maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, na kisima kikitekwa kupita kiasi chumvi hupanda. Binadamu aweza kuyazoea maji ya chumvichumvi. Mmea huu hauwezi. Ncha za majani huungua, na chungu hufanya ukoko mweupe. Basi wakati wa masika ukingie mmea wako maji ya mvua, chupa mbili tatu tu.

Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu chini. Mchanga wa pwani usiutie kabisa. Udongo wa bustani uliochanganywa na nyuzi za makumbi wafaa zaidi; lakini makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yaoshwe kwanza mara kadhaa. Uweke penye mwanga bila jua kali, mbali na upepo wa kusi.

Kabla ya kumwagilia, binya jani. Likiwa gumu, uache. Likiwa laini na udongo ni mkavu, unywesheni. Likiwa laini na udongo umelowa, mizizi imeoza, na maji zaidi ni kuumalizia. Mwandishi wa safu hii alipoteza vyungu viwili hivyo.

Na askari apataye uhamisho wa ghafla, mkewe asisikitikie chungu. Akate jani pamoja na kikonyo, alifunge katika kitambaa chenye unyevu kidogo, na wafikapo alichomeke udongoni. Ila aina yenye majani ya madoa hukatwa kipande cha shina, kwani jani peke yake huzaa mmea wa kijani kitupu. Mizizi huchukua wiki kadhaa, msiung'oe kuitazama.