Sauti ni Amana, Spika ni Mtumwa Wake

Wazungu wana neno lao wanalolitumia kwa mitambo ya kusikilizia muziki: haifai. Ukilifasiri kwa Kiswahili chetu, maana yake ni uaminifu wa hali ya juu. Nalipenda neno hilo, kwani sisi tuliokaa chini ya mwalimu chuoni, lauhi mapajani, twajua uaminifu wa sauti ni nini. Mwalimu hakutuuliza kama tumeelewa; alitusikiliza. Herufi ikitoka pasipo pake, alituregesha mwanzo wa aya. Yeye naye aliregeshwa hivyo na mwalimu wake, na sauti ikaja mkono kwa mkono mpaka kwetu.

Kwa hiyo nilipopata nafasi, mwezi wa Mei 2025, ya kuingia katika maonyesho ya High End mjini Munich, Ujerumani, nilikwenda nikiwa na masikio ya chuoni. Maonyesho haya yalianza Düsseldorf mwaka 1982, yakahamia Munich mwaka 2004, na hii ya 2025 ndiyo iliyokuwa ya mwisho mjini humo, kwani wenyewe walikwisha tangaza kuyapeleka Vienna mwaka 2026. Si mnada mdogo. Mwaka 2019 makampuni yaliyoonyesha bidhaa yalipita 500, na wageni walipita 20,000.

Msomaji, usidhani ni mahali pa makelele. Chini kuna kumbi za vibanda, na juu vyumba vingi vilivyofungwa milango. Watu hupanga foleni, wakaingia kwa zamu, wakaketi kimya kama walio katika darsa. Niliona spika zenye kimo cha kunipita, nyingine zina pembe kubwa kama za gramafoni za babu zetu. Niliona amplifaya za taa, zile taa za kioo tulizozijua katika redio za zamani, zimeregea kwa heshima na bei ya kutisha. Santuri, ambayo sisi tuliitupa uvunguni, huko yazungushwa juu ya mashine nzito kama jiwe la kusagia. Ziko spika zauzwa kwa mamia ya maelfu ya Yuro, na waya wa kuziunganisha peke yake maelfu kadha.

Je, zastahiki fedha hizo? Sikio la mwanadamu, likiwa zima na changa, husikia mitetemo kuanzia 20 hata 20,000 kwa sekunde. Na sisi wa miaka hamsini na kitu, ile ya juu imekwisha kutuaga. Hakuna fedha itakayoiregesha. Pengine tajiri hununua fahari ya sebule yake, na mali ni yake.

Lakini liko jambo moja lililonipa fikira. Katika chumba kimoja niliomba nichezewe wimbo wa Siti binti Saad, niliokuwa nao katika simu. Yule bibi alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928, akatia sauti yake katika santuri, upande mmoja dakika tatu hivi. Mwenye chumba alikubali kwa adabu. Ule mtambo ukatoa kila kitu: mkwaruzo wa sindano, vumbi, mikato ya santuri iliyochakaa, na nyuma ya hayo yote, sauti ya Siti, imara kabisa. Wageni waliokuwamo hawakujua neno hata moja la Kiswahili, nao hawakuondoka mpaka ukaisha.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mtambo hauumbi sauti. Huregesha amana iliyowekwa. Kilichopotea katika santuri, spika ya thamani ya nyumba nzima haitakitoa. Basi haja yetu sisi watu wa Pwani si spika ya pembe. Haja yetu ni chanzo.

Na chanzo chetu chaoza. Tazama kanda zilizojaa majumbani kuanzia Lamu hata Vanga: kanda za harusi, za maulidi, za darsa za masheikh waliokwisha tangulia mbele ya haki, za tenzi zilizosomwa na bibi zetu. Mombasa ilikuwa na maduka ya kurekodi na kuuza, kama Mbwana Radio Service, na santuri za Mzuri za Assanand. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014, na sauti yake ingali ikisikika kwa kanda hizo. Lakini joto na unyevu wetu hauna huruma. Ukungu huota juu ya utepe, gundi inayoshika unga wa sumaku hulainika, na mashine ya kuichezea nayo yazidi kuadimika.

Wako watakaosema muziki si jambo la kuhangaikiwa na Mwislamu. Sitaki ugomvi nao hapa. Nawauliza tu: na ile darsa ya sheikh wenu, iko kanda ngapi, na ziko wapi? Misri walikwisha ing'amua thamani ya sauti. Mahmoud Khalil al-Husary alirekodi Kurani nzima, na mwaka 1964 ikaanzishwa Cairo idhaa maalumu ya Kurani Tukufu.

Tena tuangalie vipaza sauti vya misikiti yetu. Aghalabu hufunguliwa mpaka mwisho, sauti ikapasuka. Tofauti ya sini na thaa hukaa katika mitetemo ya juu, na hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Mwalimu hutumia miaka kumfundisha mtoto makhraji, kisha kipaza sauti kikayavunja kwa dakika moja! Punguzeni. Dawa hii haina gharama.

Ama kanda, kazi yake si ya mabilioni. Kanda ya dakika 90 yataka dakika 90 kuihamisha katika kompyuta, mashine nzima ya kaseti, na kijana mwenye subira. Wenye kanda waombwe idhini, majina ya waimbaji na watunzi yaandikwe, nakala ziwekwe zaidi ya mahali pamoja. Chuo Kikuu cha Pwani na Makumbusho ya Fort Jesus wana mahali. Sisi tuna kanda. Anayengoja serikali imwamshe, ukungu hautamngoja. Nami nawaachia ubeti huu:

Sauti yetu amana, si kitu cha kuchezea,
Tuliyoachiwa jana, leo yatupotelea,
Wakituuliza wana, kipi tutawatolea?
Tutunze tungali nayo, kimya kisije enea.