Dawa ya Deni

Nimechoka kuambiwa kwamba maporomoko ya Mto Nile ni mchezo wa Wazungu. Hoja huja hivi: nchi inahitaji umeme, wewe unalilia mawimbi ya kuchezea kayaki. Nani hataonekana mpumbavu mbele ya hoja hiyo?

Basi tuanze na walionifundisha. Kule Jinja, vijana walionionyesha namna ya kupinduka kichwa chini majini na kujirudisha juu kwa kafi walikuwa Wasoga, wazaliwa wa ukingo uleule. Mto ulikuwa shule yao, kisha ukawa mshahara wao. Na kabla kayaki ya kwanza haijafika, Bujagali palikuwa mahali patakatifu pa wazee wao. Mwaka 2011 maji ya bwawa yakayafunika maporomoko yale. Umeme ukapatikana, megawati 250. Sibishani na taa inayowaka katika wodi ya wazazi.

Ninachobishana nacho ni ahadi. Ili Bujagali lijengwe, serikali ya Uganda iliiahidi Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi kwenye mto huohuo, yangehifadhiwa kuwa fidia ya yale yatakayozama: mazingira yake, mizimu yake, utalii wake. Fidia si zawadi. Ni deni. Lakini mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, megawati 183, na maji yake yakapanda nyuma hadi ndani ya eneo lililoahidiwa. Mahali nilipokuwa nikisikia ngurumo kabla sijaona maji, sasa pametulia kama bwawa la samaki.

Wapo watakaosema ni mita chache tu, na Kalagala penyewe na Itanda bado vinanguruma. Kweli. Lakini mtu aliyekuwekea rehani ng'ombe, kisha akamkata mguu, asikuambie ng'ombe bado yuko hai.

Kwa hiyo msiniulize tena kama napenda mchezo kuliko umeme. Waulizeni waliotia saini: kama fidia ya bwawa la kwanza inaweza kuliwa na bwawa la pili, fidia ya la pili italiwa na lipi? Wahenga walishasema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kukopa tena kwa mdai yuleyule, naye mdai ni mto.