ALIIKATA KONGO, KISHA AKAITAKA NZIMA

Ndugu wa migodi na wa mji wa Kindu, tukumbuke mwendo wa Moïse Tshombe. Mwana wa tajiri, 1951 aliingia Baraza la Jimbo la Katanga. 1960 akachaguliwa mjumbe wa jimbo. Tarehe 11 Julai akaitenga Katanga na Kongo, kodi ya Union Minière ikimlipia askari. Huko ndiko Lumumba alikouawa, 17 Januari 1961. 1964 Tshombe akawa Waziri Mkuu. 1965 akatamani kiti cha Kasa-Vubu, akafukuzwa 13 Oktoba. Aliyeikata nchi aliitaka nzima!

Sisi tunaoandika hesabu za magunia ya kasiteriti twajua: mlishwa na kampuni hamtumikii mchimbaji. Kila mwomba kura tumwulize kwanza: nani anakulisha?