Tahariri: Programu za Sarafu za Kidijitali na Amana ya Mali Zetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Baada ya Sala ya Isha, kijana mmoja wa darsa letu alibaki msikitini peke yake. Alikuwa ameuza pikipiki aliyoitegemea kwa riziki, akatia fedha zote katika programu ya simu ya kununulia sarafu za kidijitali. Kwa wiki mbili programu ile ilimwonesha faida kila siku. Alipotaka kutoa fedha zake, akaambiwa alipe kwanza "kodi". Akakopa, akalipa, kisha programu ikafungika moja kwa moja. Aliyemwingiza humo hakuwa mgeni, bali mwenzake wa safu moja, ambaye naye amepoteza. Swali la kijana yule halikuwa juu ya pikipiki. Aliuliza: "Ustadh, nitaijuaje iliyo ya kweli?"

Ndugu Waislamu, swali hili halijibiki kwa neno moja. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya asili ya sarafu hizi. Mwaka 2018 Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuharamisha biashara ya Bitcoin. Baraza la Maulamaa wa Indonesia, mwaka 2021, liliharamisha kuzitumia kama fedha, lakini likaruhusu kuuza na kununua ile iliyotimiza sharti za bidhaa na yenye manufaa ya wazi. Mwenye kujiepusha nazo kabisa amesalimika na shubha. Maneno yetu ni kwa aliyefuata kauli ya pili: asidhani kuwa ruhusa ya sarafu ni ruhusa ya kila programu.

Kwanza, ajue haja yake. Anayetaka kupokea fedha kutoka kwa ndugu aliye ughaibuni, anayetaka kuweka akiba, na anayetaka kununua asubuhi na kuuza jioni, hao ni watu watatu wenye haja tatu. Ama anayetaka utajiri wa haraka kwa fedha ya ada ya shule au ya deni, huyo hahitaji programu, anahitaji nasaha.

Pili, atazame milango iliyomo ndani ya programu. Mara nyingi programu moja huwa na milango minne. Upo wa kununua papo kwa papo, unalipa na sarafu inaingia katika milki yako. Upo wa kufanya biashara kwa mkopo wa kampuni, ambapo mwenye shilingi laki moja hupewa uwezo wa kununua vitu vya laki tano au kumi, na mkopo ule una riba. Upo wa mikataba ya kubashiri bei, ambapo mtu huuza asichokimiliki. Na upo wa "kuweka na kupata", ambapo sarafu zako hukopeshwa wengine, nawe ukapewa ziada iliyoahidiwa. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka cha mwaka 2006, liliharamisha biashara ya mkopo wa aina hiyo, na miongoni mwa sababu zake ni riba na kushurutisha mkopo pamoja na mauzo. Kwa hiyo programu inayomfaa Muislamu ni ile inayomwezesha kubaki katika mlango wa kwanza pasi na kusukumwa kwenye mingine. Na humo pia, sarafu kwa sarafu ina hukumu za sarf, na kukabidhiana ni sharti.

Tatu, aulize: amana yangu inakaa kwa nani? Kampuni nyingi hushika wao funguo za siri za sarafu, na wewe huoni ila tarakimu. Mwaka 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo lilifilisika baada ya kutangaza kupotea kwa Bitcoin zipatazo 850,000. Mwezi Novemba 2022 ikaanguka FTX, iliyochukua fedha za wateja na kuipa kampuni dada yake. Mwanzilishi wake alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 25. Hao walikuwa na majina makubwa duniani. Basi vipi programu isiyo na ofisi wala jina la mwenyewe?

Nne, atazame sheria ya nchi. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Kulipishwa kodi si dhamana kwamba utarejeshewa mali yako ikipotea. Kenya ilitunga mwaka 2025 sheria inayozitaka kampuni hizo ziwe na leseni. Aliyeko huko aulize leseni kabla ya kuuliza faida.

Tano, zipo alama za utapeli: faida ya uhakika kila siku, malipo kwa kuingiza watu wapya, na kutakiwa ulipe ndipo utoe kilicho chako. Ikionekana moja tu, ondoka. Na ujaribu kutoa kiasi kidogo kabla ya kuweka kikubwa, ingawa matapeli nao huruhusu kidogo ili wapate kingi.

Lililotuumiza zaidi katika kisa cha kijana yule ni kuwa aliamini kwa sababu aliyemwambia ni mtu wa Sala. Uaminifu wetu kwa wetu ndio mtaji walioutumia matapeli. Kwa hiyo tunawanasihi maimamu na kamati za misikiti: pasitangazwe programu yoyote msikitini, wala mfuko wa msikiti usiguswe kwa ajili hiyo. Na aliyemwingiza mwenzake akachukua malipo ya kumleta, ayarejeshe. Toba ya haki za watu haikamiliki kwa istighfari peke yake.

Wabillahi tawfiq.