Mtoto Asiyeitika

Kila mwezi wa Septemba, shule zinapofunguliwa, mwalimu husikia maneno yale yale kutoka kwa mzazi mmoja au wawili: "Bwana Mwalimu, huyu ni mkaidi. Masikio anayo, lakini husikia anapotaka tu." Tena baba huongeza: "Usimwonee huruma." Neno hilo la mwisho hututia hofu sisi walimu, maana latuonyesha jinsi mtoto anavyotendewa nyumbani. Leo nataka tulichunguze neno lile la kwanza, "husikia anapotaka", kwa sababu mara nyingi chini yake umejificha ugonjwa.

Tutazame jinsi Mungu alivyoliumba sikio. Sauti huingia tunduni na kupiga ngozi nyembamba iliyowambwa mfano wa ngoma. Ngozi hiyo ikitikisika, hutikisa mifupa mitatu iliyoshikana, nao wa tatu ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini mwetu. Mtikisiko hupita hata chumba cha ndani, kilichojikunja kama gamba la konokono na kujaa maji. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, yapata 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mtikisiko na kupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Nywele za kichwa zikikatwa huota tena; chembe hizi zikifa, hazirudi.

Lakini hazifi zote pamoja. Zile zilizo karibu na mlango wa konokono, zipokeazo sauti nyembamba, mara nyingi hutangulia kuharibika; zile za ndani kabisa, zipokeazo sauti nene, hubaki. Hapo ndipo ilipo siri ya mtoto wetu. Mlio wa ngoma ausikia, na ngurumo ya lori, na sauti nzito ya baba yake. Katika maneno husikia a, e, i, o, u, kwani irabu zina nguvu. Bali s, f, sh, t na ch ni sauti nyembamba tena dhaifu, nazo zampita. Mama akimwambia "shika", yeye hupata i na a tu. Je, mama amesema shika? Au fika? Au pita? Au ficha? Mtoto hana budi kubahatisha. Akibahatisha vema, watu husema: "Waona! Kumbe anasikia." Akikosea, husema: "Anatudharau." Mara zote mbili hakusikia sawasawa.

Mwalimu mwangalifu humtambua mtoto wa namna hii katika imla. Akinakili kutoka ubaoni, haoni shida. Bali katika imla huandika "faa" mahali pa "saa", na "fika" mahali pa "shika". Mtoto asiyejua kuandika hukosa pande zote mbili, huyu hukosa upande wa sikio peke yake. Tena humkazia mwalimu macho kinywani. Mwalimu akigeuka kuelekea ubao, yeye hutazama daftari la jirani, ndipo huadhibiwa kwa kosa la wizi wa majibu. Huchoka kabla ya wenzake, kwa maana kubahatisha tangu asubuhi hata adhuhuri ni kazi nzito. Mwishowe hunyamaza, akawa mtoto wa benchi la nyuma, na jina lake kuandikwa kati ya wajinga. Nalo laweza kuwa jambo la uongo kabisa: akili yake ni nzima, mlango wake tu ndio uliofungwa nusu.

Wazazi huuliza: tutajuaje? Wengi hupiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, naye akigeuka, hufurahi. Hicho si kipimo. Mtoto huweza kuhisi upepo wa mikono, au kuona kivuli, na hata akisikia, kofi ni sauti kubwa. Afadhali kusimama nyuma yake, kadiri ya urefu wa mkono, mtu mwingine akiziba sikio lake moja kwa kidole, na kumnong'oneza maneno machache ayajuayo, kisha kumwomba ayarudie. Halafu sikio la pili. Asipoyarudia, apelekwe kwa mganga. Kwa mtoto mchanga, angalieni kama hashtuki kwa kelele, na kama akifikia mwaka mmoja hageuki aitwapo jina. Msingoje aanze kusema kwanza, maana mtoto hujifunza kusema kwa kusikia, na miaka ile ya mwanzo ikipita bure ni vigumu kuirudisha.

Sababu za ugonjwa ni nyingi. Nyingine ni nyepesi, kama nta iliyoziba tundu, ambayo mwuguzi huiondoa kwa muda mfupi. Usaha unaotoka sikioni majuma mengi si jambo la kuzoea: hutoboa ile ngozi ya ngoma na kula mifupa. Homa ya uti wa mgongo, iitwayo meninjiti, huweza kuua usikivu kwa siku chache; mtoto aliyepona ugonjwa huo apimwe masikio mara moja, hata kama aonekana mzima. Surua nayo huharibu, na ile rubela inayompata mama mwenye mimba humdhuru mtoto aliye tumboni. Dawa nyingine za sindano, kama streptomisini na jentamisini, huokoa maisha, lakini zaweza kuumiza konokono la sikio. Kwa hiyo haifai kuzinunua sokoni na kujidunga ovyo. Na kuna wanaozaliwa hivyo, kwa urithi wa ukoo. Shirika la Afya Duniani liliandika katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba, kati ya watoto wenye upungufu wa kusikia, karibu 60 katika kila 100 wangeweza kukingwa. Maji ya majani, mafuta ya moto na unyoya wa kuku havimo katika kinga hizo.

Kelele nayo ni sababu. Shirika hilohilo lasema mtu aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Ikipanda hata 90, ni saa 4 tu. Wachimbaji wa Kolwezi na Likasi wanaofanya kazi karibu na mitambo wanajua nisemalo. Lakini nasi tulio kanisani tujitazame, hasa sisi waimbaji, na vile vipaza sauti tunavyovifungua kana kwamba Mungu mwenyewe ni kiziwi.

Kuna jambo moja ambalo sitalipita haraka. Katika nchi yetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba ni walozi, na mtoto asiyeitika, asemaye kwa shida na kupenda kukaa peke yake, ni mwepesi wa kushukiwa. Wakristo wanaofanya hivyo wasome Injili ya Marko, sura ya 7. Bwana wetu aliletewa kiziwi mwenye ulimi mzito. Hakumwuliza nani amemloga. Alimtenga kwanza na kelele za umati, akamgusa masikio na ulimi, yaani alisema naye kwa ishara ambazo kiziwi aweza kuzifahamu, kabla ya kutamka lile neno Efata. Kanisa limelihifadhi neno hilo katika ibada ya Ubatizo, padri anapogusa masikio na kinywa cha mbatizwa.

Na mapadri wengi wamefuata njia hiyo. Huko Paris, Padri Charles-Michel de l'Épée, aliyezaliwa mwaka 1712 na kufa mwaka 1789, aliwakuta ndugu wawili wa kike wasiosikia, akaona vibaya wakose mafundisho ya dini kwa sababu hiyo tu. Akajifunza ishara kwa viziwi wenyewe, akawafungulia shule. Katika Afrika ya Kusini, Cyril Axelrod, aliyezaliwa kiziwi mwaka 1942 katika jamaa ya Kiyahudi, aliingia Kanisa Katoliki akapewa upadri mwaka 1970. Lugha ya ishara ni lugha kamili, yenye kanuni zake. Mtoto ambaye hata chombo hakimsaidii asinyimwe.

Sasa juu ya chombo chenyewe. Wengine hukiita shimesikio, wengine chombo cha kusikilia. Kina kinasa sauti kidogo, kitambo cha kuikuza na kipaza sauti kidogo kinachoipeleka tunduni, vyote vikiendeshwa na betri ndogo kama kifungo cha shati. Hakiponyi. Chembe zilizokufa hakizifufui. Hukuza zile sauti ambazo mgonjwa amepungukiwa nazo, kwa kadiri iliyopimwa sikioni mwake. Ndiyo maana chombo cha babu hakimfai mjukuu, kama vile miwani ya mmoja isivyomfaa mwingine, na vile vinavyouzwa sokoni bila kipimo vyaweza hata kudhuru kwa kelele.

Wengi hukivaa siku moja na kukitupa kabatini, nao husema: "Ni kelele tupu." Wanasema kweli, lakini si kweli yote. Ubongo uliokaa kimya miaka mingi husikia ghafula ufagio, sahani, mvua juu ya mabati, viti vinavyoburutwa, wala haujui tena kuchagua. Basi mtu mzima aanze kwa saa moja au mbili chumbani penye utulivu, na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kisha aongeze siku kwa siku. Yapasa kumpa majuma, pengine miezi. Mtoto hana budi kukivaa muda wote aamkapo hata alalapo, ila anapooga. Jamaa nao wana sehemu yao: wasimame mbele yake, karibu, usoni penye mwanga, waseme polepole bila kupiga kelele. Anayepaza sauti huharibu umbo la maneno.

Kikipiga filimbi, mara nyingi ni kwamba kile kipande kinachokaa sikioni hakibani sawasawa. Masikio ya mtoto hukua, kwa hiyo kipande hicho hubadilishwa mara kwa mara. Kioshwe kwa maji na sabuni baada ya kutengwa na chombo, maana chombo chenyewe hakipatani na maji wala jasho. Betri nyingi zake zimebandikwa karatasi ndogo. Ukiibandua, hewa huingia na betri huanza kuisha hata usipoitumia. Mtoto mdogo akimeza betri, mkimbizeni hospitali saa ileile, kwani huunguza koo.

Najua vyombo hivi ni ghali, na waganga wa masikio ni wachache, tena wengi wao wako katika miji mikubwa. Lakini benchi la mbele halina bei. Mzazi aende kwa mwalimu kabla mwaka haujaendelea, amwombe kiti cha mbali na dirisha la barabarani, hatua mbili tatu kutoka anaposimama. Naye mwalimu asiseme huku akiandika ubaoni.

Tusiwasahau wazee. Bibi anayejibu mambo asiyoulizwa, na ambaye siku hizi hapendi tena kwenda Misa, huenda hajapoteza akili wala imani. Wazee wengi huacha kuungama kwa aibu hiyo: hawamsikii padri, na huogopa kwamba wao wenyewe watasema kwa sauti, mstari wote nje ukasikia. Mjukuu amwendee padri mapema na kumwomba saa nyingine, katika sakristia, mlango ukiwa umefungwa.