Jiji la Wasio na Alama

Mzazi wa Korogwe au Handeni anayekuta katika simu ya kijana wake picha za giza na damu hushtuka, nami simlaumu. Lakini kitabu cha picha cha BLAME!, alichokichora Tsutomu Nihei huko Japani kati ya 1997 na 2003, kinastahili kutazamwa kabla ya kuhukumiwa.

Maneno yake ni haba. Kurasa nyingi hupita pasipo mtu kunena. Mashine hujenga jiji bila kukoma, kwa maana aliyeweza kuziamuru zisimame ni binadamu mwenye alama fulani ya urithi mwilini, nayo imepotea. Asiye nayo huhesabiwa mvamizi, akauawa na walinzi wa jiji lililoanzishwa na wazee wake. Killy huitafuta alama hiyo, tabaka baada ya tabaka, karibu bubu.

Kinachotisha hapo, kwa maoni yangu, ni hesabu ile, wala si damu (ingawa mtoto wa shule ya msingi nisingempa). Mashamba yetu ya mkonge, wakati wa Waingereza, yaliwaleta vibarua kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa. Wajukuu wao ni majirani zetu.

Mzazi na aketi na kijana wake, watazame pamoja ukurasa mmoja usio na neno, kisha amsimulie babu alifikaje Korogwe, na jina lake lilikuwa nani.