Katanga Iligawanywa, Mfuko Haukugawanywa

Tangu Julai 2015 Katanga haimo katika orodha ya majimbo ya Kongo. Mahali pake yamekaa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Lakini mtu wa Lubumbashi akifika Kinshasa na kuulizwa kwao ni wapi, hujibu Katanga.

Kuigawa hakukuwa wazo la ovyo. Jimbo lilikuwa na karibu kilomita za mraba 497,000, ukubwa wa Ubelgiji mara 16, na gavana mwenye ofisi Lubumbashi alitakiwa kuvijua pia vijiji vya milima ya Marungu, huko juu ya Moba. Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kutaja majimbo 26. Wapo walioona katika mgawanyo huo wa 2015 hila ya kumpunguza nguvu gavana Moïse Katumbi, aliyejiuzulu Septemba 2015, na shaka yao ina mizizi: Katanga iliwahi kukatwa vipande baada ya jaribio la kujitenga na Kongo lililoongozwa na Tshombe, kisha Rais Mobutu akaviunganisha mwaka 1966.

Kasoro iko kwenye pesa.

Sheria ya Madini ya 2018 inaupa mrabaha njia nne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa mji, sekta au uchifu wa hapo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kolwezi ya Lualaba, iliyokalia shaba na kobalti, inacheka. Kamina ya Haut-Lomami haina migodi ya kiwango hicho; ina mashamba, kambi ya jeshi na reli. Zamani mapato ya shaba yaliingia kapu moja na Kamina, kwa haki au kwa upendeleo, ilikuwa na pa kunyoosha mkono. Leo Haut-Lomami inaleta mjini samaki wa Bukama wa kuliwa na bukari (ugali), na shaba ya jirani inaisikia redioni.

Kuirudisha Katanga ya zamani ni ndoto ya wanasiasa wasio na kazi. Dawa imo katika ibara ya 181 ya Katiba: mfuko wa kusawazisha majimbo, wenye haki ya asilimia 10 ya mapato ya taifa. Mfuko huo umeishi zaidi kwenye karatasi kuliko vijijini. Wabunge wa majimbo haya manne, ambayo bado yameungwa na reli moja ya SNCC, shirika la reli la taifa, kutoka Lubumbashi hadi Kalemie, wakatae kupitisha bajeti ambayo haionyeshi asilimia hizo 10 zimepelekwa wapi.